Somo la Bendi: Kuchagua Mikwiro ya Ngoma za Teno



Kila inapokaribia miezi ya sherehe za kitaifa, hutujia maswali kutoka kwa walimu, viongozi wa makanisa na wazazi wanaolea bendi za vijana. Uganda huadhimisha uhuru wake tarehe 9 Oktoba, Tanzania Bara tarehe 9 Desemba, na Kenya tarehe 12 Desemba. Kwa hiyo bendi moja ya Busia, Malaba au Mutukula yaweza kualikwa kwenye viwanja vya nchi mbili ndani ya miezi mitatu. Maswali hayo karibu yote huhusu ngoma zenyewe: bei yake, ukubwa wake, rangi yake, hata mshipi wa kuivalia. Ni nadra mtu kutuuliza habari za mikwiro. Hali mkwiro ndio unaogusa ngozi, na ndio unaoushughulisha mkono wa kijana kwa saa nzima ya gwaride. Ngoma nzuri iliyopigwa kwa mkwiro mbaya hulia kama debe. Ngoma ya kawaida iliyopigwa kwa mkwiro uliochaguliwa kwa akili huwafurahisha watu waliosimama mwisho wa uwanja.

Tumeona vema, basi, somo la toleo hili liwe juu ya mikwiro ya ngoma za teno, kwa sababu hiyo ndiyo ngoma inayonunuliwa kwa pupa na kueleweka kwa uchache kuliko zote katika bendi zetu.

Ngoma ya teno ni ipi

Katika bendi ya kutembea zimo ngoma za aina tatu. Ipo ndogo yenye nyaya chini yake, ambayo hutoa sauti ya kukwaruza na kupasua. Ndiyo inayoongoza hatua. Ipo kubwa ya besi, inayobebwa kifuani na kupigwa pande mbili. Katikati yao yuko teno: haina nyaya, umbo lake ni la kadiri, na sauti yake ni ya mviringo, kama sauti ya mwanamume anayeimba bila kupaza. Bendi za kijeshi na za polisi za Afrika Mashariki ziliirithi kutoka kwa Waingereza, nao huipiga kwa mikwiro yenye vichwa laini, huku mpigaji akiizungusha hewani kwa madaha.

Waskoti wameuendeleza mzungusho huo hadi ukawa fani kamili. Katika bendi zao za zumari za mifuko, mpigaji wa teno hufunga mikwiro kwenye vidole kwa kamba, ili aweze kuiachia izunguke na kurudi kiganjani. Ndiyo maana mikwiro yao huwa myepesi mno, yenye vichwa vikubwa vya manyoya na rangi zinazoonekana kwa mbali. Wamarekani nao walishika njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 vikundi vyao vya matarumbeta na ngoma, vile ambavyo tangu mwaka 1972 vina mashindano makuu ya nchi nzima, viliunganisha ngoma kadhaa za teno kwenye fremu moja inayovaliwa mabegani. Mpangilio wa kawaida ni ngoma nne za inchi 10, 12, 13 na 14, na mara nyingi huongezwa moja au mbili ndogo za inchi 6 na 8. Mpigaji mmoja huzipiga zote, akihamisha mikono kama mtu anayepiga marimba.

Msomaji wa Kampala asidhani kwamba wazo la kupanga ngoma kwa sauti lilitoka ng'ambo. Entenga ya Kabaka wa Buganda ilikuwa na ngoma 15, na 12 kati yake zilipangwa kwa sauti mbalimbali ili zitoe wimbo kamili kwa vijiti. Na jirani zetu wa Burundi, ambao mchezo wao wa ngoma ya kifalme uliingizwa katika orodha ya UNESCO mwaka 2014, wana jina maalumu la mikwiro yao, imirisho. Watu wanaokipa chombo jina lake mwenyewe wanakijua kuwa ni chombo. Nasi hatuna udhuru wa kuuita mkwiro "kijiti tu".

Kichwa cha mkwiro

Anayechagua mkwiro wa teno aanze na kichwa, kwa maana hicho ndicho kinachoamua sauti. Sababu yake ni rahisi. Kichwa kigumu hugusa ngozi kwa muda mfupi mno kisha kikaruka; ngozi huachwa itikisike kwa namna zake zote, nyembamba na nene, na sauti hutoka kali, yenye ncha, ikasikika mbali. Kichwa laini hukaa juu ya ngozi kitambo zaidi, na katika kukaa huko huinyamazisha mitikisiko ile myembamba. Hubaki sauti nene ya chini, isiyo na ncha, inayochanganyika vizuri na matarumbeta.

Aina zinazopatikana sokoni ni tatu au nne. Cha kwanza ni kichwa cha nailoni, kigumu, mara nyingi chenye umbo la kisahani au la tufe dogo. Hicho ndicho kinachotumiwa zaidi na Wamarekani kwa ngoma zao za mkusanyiko, kwa kuwa mapigo yao ni mengi na ya haraka, na kila pigo lazima litambulike peke yake. Cha pili ni kichwa cha mbao, kilichochongwa pamoja na mpini wake. Sauti yake ni kali lakini ina joto kidogo kuliko nailoni. Cha tatu ni kichwa cha felti, yaani sufu iliyoshindiliwa hadi ikawa ngumu kiasi. Cha nne ni kile cha manyoya au nyuzi laini, ambacho hupendeza macho kuliko kinavyotoa sauti, na hufaa panapokuwa na mizungusho mingi na mapigo machache.

Kwa bendi za vijana katika maeneo yetu, shauri letu ni felti ngumu ya kadiri. Tunalisema hili tukijua kwamba vijana wengi hawatalipenda, maana wameona picha za video za Marekani na wanataka nailoni. Lakini tutazame mazingira yetu. Ngoma nyingi za shule zetu ni za teno moja moja, za inchi 14 hadi 18, wala si mkusanyiko. Nyimbo zinazopigwa ni wimbo wa taifa, nyimbo za dini na maandamano ya hatua 120 kwa dakika. Katika wimbo wa taifa mkwiro wa nailoni hukatakata sauti inayotakiwa kuwa ndefu na tulivu. Na katika maandamano ngoma ndogo yenye nyaya tayari inafanya kazi ya kukata, teno haina haja ya kushindana nayo.

Tena kuna suala la ngozi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 viwanda vimekuwa vikitengeneza ngozi za plastiki kwa ajili ya ngoma, na hizo huvumilia nailoni. Ngoma zetu nyingi, hata hivyo, zimerudishiwa ngozi ya mbuzi au ya ndama baada ya ile ya plastiki kupasuka, kwa sababu fundi wa ngozi yuko karibu na duka liko mbali. Ngozi ya mnyama hulegea katika unyevu na kukaza kupita kiasi juani. Mpige mtu nailoni juu ya ngozi iliyokazwa na jua la saa saba, naye atajionea ukweli wa wahenga waliosema kuwa ngoma ikilia sana hupasuka. Shule moja iliyo ng'ambo ya mpaka, ambayo hatutaitaja, ilipoteza ngozi tatu kwa njia hiyo siku mbili kabla ya sherehe, na fedha ya kuzinunua nyingine ikatoka kwa wazazi wale wale waliokwisha kuchangia ngoma.

Mkusanyiko wa ngoma nne au tano unapopatikana kwa msaada wa wafadhili, hapo nailoni ina nafasi yake. Ugumu uliopo ni kwamba jozi moja ya mikwiro yatakiwa kuhudumia ngoma ya inchi 6 na ya inchi 14 kwa pamoja. Kichwa kikubwa kitaizidi nguvu ile ndogo. Kichwa kidogo hakitaiamsha ile kubwa. Wachague kichwa cha kadiri, na mwalimu aitegee sikio ngoma kubwa kuliko ndogo, kwa maana ndogo hujitetea yenyewe.

Mpini

Mpini huchaguliwa kwa mkono wa atakayeushika. Mikwiro ya teno ya kutembea huwa na urefu wa sentimeta 33 hadi 40 hivi, mifupi kuliko ya ngoma yenye nyaya. Ule mrefu una nguvu zaidi kwenye ncha, lakini humchosha kijana mwenye mkono mfupi, na mkono uliochoka hubana. Mkono unaobana ndio unaopata malengelenge, kisha maumivu ya kifundo, na hatimaye kijana huacha bendi akidhani hana kipaji.

Mpini wa alumini ni mwepesi, haupindi kwa jua wala kuvimba kwa mvua, na jozi zake hulingana. Kasoro yake ni kwamba hupeleka mshtuko wa pigo moja kwa moja kifundoni. Mpini wa mbao huumeza mshtuko huo kwa sehemu. Mbao inayosifiwa zaidi kwa kazi hii ni ya hikori, mti wa Amerika ya Kaskazini, mzito wa wastani na mgumu kuvunjika. Ya mepo ni nyepesi zaidi, na ya mwaloni ni nzito. Kwa mwanafunzi wa miaka kumi na miwili au kumi na mitatu tungependekeza mbao kabla ya chuma, hata kama chuma kinang'aa.

Je, fundi seremala wa kijijini aweza kuitengeneza? Aweza, na tumeona kazi nzuri. Mpera hufaa, kwa kuwa ni mgumu na una unyumbufu. Wakulima wengi wanaujua kama mti wa mipini. Mkahawa mzee nao ni mgumu na laini kushika. Mpingo usitumiwe: ni mzito kiasi cha kuzama majini, na ni mti unaostahili kuhifadhiwa. Mkaratusi mchanga hupasuka ukikauka. Chochote kitakachotumiwa kikaushwe polepole kivulini kwa miezi kadhaa kabla ya kuchongwa, maana mbao mbichi ikichongwa leo ikawa imenyooka, kesho kutwa itakuwa upinde. Kichwa cha felti chaweza kutengenezwa kwa vipande vya blanketi zito la sufu vilivyokunjwa kwa kukazwa, vikashonwa kwa uzi imara, na kufunikwa kwa kitambaa kimoja kisicho na mshono mahali pa kupigia. Muhimu ni kwamba vichwa viwili vya jozi moja vitokane na blanketi moja na vipimwe kwa mzani mmoja.

Kuijaribu jozi dukani

Hapa twaomba msomaji asome polepole, kwa sababu ndipo fedha za wazazi zinapookolewa au kupotezwa. Mfanyabiashara hana budi kumruhusu mnunuzi aijaribu bidhaa. Anayekataa ana sababu.

Kwanza, mkwiro uviringishwe juu ya meza iliyo tambarare au kioo cha kaunta. Ukiviringika kimya umenyooka, ukirukaruka umepinda. Kichwa kikiwa kikubwa kuliko mpini, kiachwe kining'inie nje ya ukingo wa meza, na mpini tu ndio uviringishwe. Kisha atazame mistari ya mbao: iende sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Mstari unaotoka ubavuni katikati ya mpini ndiyo njia ambayo ufa utapita.

Pili, jozi ilinganishwe. Mikwiro miwili iliyofungwa pamoja kwa utepe wa kiwandani si lazima iwe pacha. Mingi huchanganywa njiani, hasa katika maduka ya mpakani ambako mzigo hufunguliwa na kufungwa mara nyingi. Kila mmoja upimwe uzito. Mzani wa duka la nafaka haufai kwa tofauti ndogo; mzani wa sonara au wa duka la dawa hufaa. Pasipo mzani, mikwiro yote miwili ishikwe kwa vidole viwili theluthi moja kutoka mwisho wake, na mnunuzi afumbe macho. Tofauti inayosikika mkononi dukani itasikika sana baada ya nusu saa ya kutembea. Baada ya hapo ipigwe mmoja mmoja, kwa nguvu ileile, mahali pamoja pa meza. Sauti zikitofautiana, mbao zake zina uzito tofauti, na ngoma itaonekana kuchechemea hata kama mpigaji hana kosa.

Tatu, kichwa kikamatwe na kusokotwa taratibu. Kikizunguka juu ya mpini, gundi haikushika. Kichwa cha nailoni kilicholegea kinaweza kuchomoka na kuruka, na kimewahi kufanya hivyo mbele ya watazamaji. Atakayepigwa usoni hatajali kwamba wimbo ulikuwa mtamu.

Masikio

Jambo hili tunalisema kwa uzito kuliko yote, kwa sababu ngozi ya ngoma hununuliwa nyingine, sikio halinunuliwi. Wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani hupendekeza mtu asikae zaidi ya saa 8 kwa siku katika sauti ya desibeli 85, na muda huo upunguzwe kwa nusu kila sauti inapoongezeka kwa desibeli 3. Kwa hesabu hiyo, desibeli 100 hubakisha dakika 15 tu. Safu ya ngoma za kutembea hufikia na kupita kiwango hicho, na mkwiro mgumu ndani ya darasa la mabati huongeza zaidi. Pamba iliyosokotwa masikioni haitoshi. Vizibo vya masikio vya povu, vile vinavyotumiwa na wafanyakazi wa viwandani, bei yake ni ndogo na hukinga vizuri vikivaliwa sawasawa. Mazoezi ya ndani yafanyike kwa mikwiro ya felti, au juu ya kipande cha mpira kilichobandikwa kwenye ubao. Nailoni ingoje uwanjani. Kijana anayesikia mlio masikioni usiku baada ya mazoezi apumzishwe, na mzazi asiuchukulie mlio huo kuwa ni wa kawaida.

Utunzaji, na kuvuka mpaka

Mikwiro isiachwe juu ya dashibodi ya gari wala kuegemezwa ukutani juani. Ilazwe ndani ya mfuko wa kitambaa, na jozi zifungwe pamoja, kila jozi ikiwa na alama ya mwenyewe. Anayefunga mpini kwa utepe au kipande cha tyubu ya baiskeli ili usiteleze afunge miwili sawasawa, kwa urefu uleule na mizunguko ileile, vinginevyo ameharibu kwa mkono wake ulinganifu alioulipia. Felti iliyolowa ikaushwe kivulini na kuchanuliwa kwa brashi laini. Felti iliyogeuka ngumu na kung'aa mahali pa kupigia imekwisha kuwa mbao kwa tabia, wala haifai kuitwa laini. Kichwa cha nailoni chenye ufa au ukingo uliochongoka kitolewe siku hiyo hiyo, maana hukwangua ngozi kama kucha.

Na mkwiro si rungu. Walimu wawakumbushe vijana hivyo, hasa panapokutana bendi mbili za pande mbili za mpaka na kila moja ikiamini kuwa ndiyo iliyopiga vizuri zaidi.

Bendi itakayovuka iandae mapema orodha ya vyombo vyote, pamoja na nambari zilizochorwa juu yake na stakabadhi za manunuzi zilizopo, na kiongozi wake ajitambulishe kwa ofisa wa forodha kabla ya basi kupita, si baada ya kusimamishwa. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inao utaratibu wa vitu vinavyoingizwa kwa muda na kurudishwa. Safari nyingi hucheleweshwa kwa sababu tu mikwiro mipya ishirini imo kwenye boksi la duka na hakuna mtu aliye tayari kueleza ni ya nani.

Mwisho, wapo vijana waliotuuliza kuhusu ngozi za chui, kwa kuwa wameona wapiga teno na besi wa Kiingereza wakizivaa juu ya sare. Nyingine za huko siku hizi ni za kuiga. Huku kwetu, mtu anayekuletea ngozi ya chui halisi anakuletea kesi, kwa sababu kumiliki nyara hiyo bila kibali ni kosa. Kitambaa chenye madoadoa kinapatikana sokoni, na fundi cherehani ataikamilisha kazi hiyo kwa siku moja.